Semina ya Upendeleo Haijaajiri Mtu Lowarengak

Leo hakuna video ya samaki wala ya upepo wa ziwa. Bando imebaki kidogo, kwa hivyo nimeamua kuandika. Na nyinyi mlioniuliza mbona nimepotea, nilikuwa Lodwar nikitafsiri semina.

Semina yenyewe ilihusu upendeleo usiojitambua kazini. Yaani vile kichwa chako kinamhukumu mtu kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba umemhukumu. Unaona jina, unasikia lafudhi, unaangalia viatu, tayari umeamua huyu hafai. Shirika moja (silitaji, nataka waniite tena) lilikuwa limeleta wafanyakazi wake wote ukumbini, pamoja na wazee na kina mama wa kamati za vijiji, ndio nao wapewe mwanga. Mwezeshaji alitoka Nairobi. Kiturkana hajui. Hapo ndipo mimi nikaingia.

Niseme mapema nilivyoipata hiyo kazi, kabla mtu hajaniumbua kwenye komenti. Binamu yangu alikuwa dereva wa hilo shirika. Akawaambia ana dada anajua Kiingereza kizuri. Hakuna tangazo lililotoka, hakuna mahojiano. Nilipigiwa simu Jumapili, Jumatatu asubuhi nikapanda gari la samaki. Kwa hivyo mimi mwenyewe niliingia kwenye semina ya kupinga upendeleo kupitia mlango wa upendeleo. Na si ule usiojitambua. Huo ulijitambua kabisa.

Basi. Mwezeshaji akasema, waambie wamwone mgeni kama mtu wao. Nikafungua mdomo, nikakwama. Kwa Kiturkana, mgeni asiye wa kwetu ni emoit. Na adui? Ni emoit. Neno ni moja. Ukisema ngimoe wamekuja, mtu anayekusikia anaweza kuuliza kama wamekuja na bunduki. Nikajaribu kuzunguka. Mzee mmoja aliyekaa mbele, fimbo katikati ya magoti, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyo emoit awe mtu wangu, na bado unamwita emoit?" Ukumbi wote ukacheka. Mwezeshaji akatabasamu, akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia amefurahia mada.

Baadaye huyo mzee akauliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hizo mbili. Akataka kujua, vichwa vikishasafishwa, ni nani anaandikwa kazi. Akaambiwa swali lake ni zuri na litarudiwa wakati wa maswali. Wakati wa maswali haukufika. Chakula kilikuwa tayari.

Sasa wacha nisieleweke vibaya. Sisemi upendeleo haupo. Mimi nimekula huo upendeleo na kijiko. Nilipokuwa bado chuoni, kabla karo haijanishinda mwaka wa pili (na kusema kweli, kabla simu haijaanza kuniletea pesa kidogo nikaona afadhali), nilienda kuomba nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye ofisi fulani. Yule aliyenihoji akasoma jina langu mara mbili. Akauliza ni la wapi. Nikasema Turkana, Lowarengak, karibu na mpaka wa Ethiopia. Akasema, "Lakini unaongea vizuri!" Alifikiri amenisifu. Nafasi sikupata. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, na huo ndio ubaya wa kitu hiki, huwezi kukishika mkono ukasema ndicho hiki.

Kuna watu wamejaribu kukishika. Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Boston na Chicago. Walituma barua za maombi ya kazi za kubuni, zenye sifa zinazolingana, nyingine zikiwa na majina ambayo Wamarekani wanayasikia kama ya Wazungu, kama Emily na Greg, na nyingine majina wanayoyasikia kama ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Kina Emily na Greg walipigiwa simu kwa kiwango cha asilimia 50 zaidi. Karatasi ni ile ile, jina tu. Mwezeshaji alitueleza hili na ukumbi ukanyamaza, kwa sababu hapa Kenya si lazima tuende Chicago. Hapa jina la pili ni ramani. Mtu akilisoma ameshajua unatoka wapi, mnapiga kura vipi, na kama nyumbani kwenu kuna lami.

Kwa hivyo ugonjwa upo. Mimi nabishana na dawa.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Starbucks iliona moto huko Marekani baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa ndani ya duka lake Philadelphia wakiwa wameketi tu wakimsubiri mwenzao. Tarehe 29 Mei kampuni ikafunga maduka zaidi ya 8,000 kwa alasiri moja, wafanyakazi kama 175,000 wakafundishwa kuhusu upendeleo. Alasiri moja! Mwaka uliofuata wataalamu wa saikolojia wakachapisha uchambuzi wa tafiti karibu 500 za kubadilisha huo upendeleo wa ndani. Walichoona ni kwamba unaweza kumsogeza mtu kidogo kwenye vile vipimo, lakini hakukuwa na ushahidi kwamba vipimo vikisogea na matendo yake yanasogea. Frank Dobbin na Alexandra Kalev nao, waliofuatilia kampuni zaidi ya 800 za Marekani kwa miongo mitatu, walisema mafunzo ya lazima mara nyingi hayaongezi wanawake na watu weusi kwenye nafasi za juu, na wakati mwingine yanawapunguza, kwa sababu watu hawapendi kulazimishwa. Kilichosaidia ni vitu vya mikono: kwenda kuwatafuta watu mahali walipo, kumpa mgeni mtu wa kumshika mkono ndani ya kampuni, kuwa na mtu anayeulizwa hesabu.

Sasa rudi huku kwetu. Mnajua upendeleo wa Lowarengak unakaa wapi? Haukai kichwani mwa mtu. Unakaa kwenye tangazo la kazi.

Chukua tangazo lolote la shirika linalotaka mtu wa kuzunguka vijiji vya Turkana Kaskazini. Linasema: shahada kutoka chuo kinachotambulika. Uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Tuma maombi kwa baruapepe, kwa PDF, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja. Halafu kule chini kabisa, mstari wa mwisho, mahali pa kuweka mambo ya kupamba: kujua Kiturkana kutakuwa faida ya ziada.

Ya ziada, jamani! Mtu atalala manyattani, aongee na mama ambaye hajawahi kusikia Kiswahili cha redio, ajue ni laga gani ikijaa huvuki hata ukiwa na gari la aina gani, ajue ukiuliza mzee idadi ya mbuzi wake umemtukana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Lakini kwenye karatasi, kazi yenyewe ni kitu cha ziada, na shahada ya usimamizi wa miradi ndiyo ya lazima. Aliyeandika tangazo hilo huenda amehudhuria semina tano. Huenda hana chuki hata kidogo. Alinakili tu la mwaka jana. Na hiyo baruapepe, sisi wa huku ili upate mtandao wa kutuma faili unapanda kilima, na ukifika juu upepo unataka kukunyang'anya simu. Tangazo likitufikia kwa WhatsApp, Ijumaa imeshapita.

Halafu mtu wa ofisini anasema kwa huzuni ya kweli, tulitafuta mwenyeji aliyehitimu, hatukumpata.

Hebu niwape mfano wa hapa hapa. Kusini kidogo mwa Lowarengak kuna Nariokotome. Mwaka 1984 ndipo palipopatikana mifupa ya yule mtoto wa zamani sana ambaye dunia inamwita Kijana wa Turkana, wa karibu miaka milioni moja na nusu. Aliyekiona kipande cha kwanza kwenye kokoto alikuwa Kamoya Kimeu, Mkamba, mtu ambaye shule yake haikuvuka msingi. Alikuwa anajua kuangalia chini. Sasa fikiria nafasi hiyo ingetangazwa leo: shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka mitano, kujua kuona mifupa kutakuwa faida ya ziada. Mifupa ingekuwa bado pale.

Najua mtakachosema. "Wewe unalia kwa sababu huna karatasi." Sawa, nina sababu zangu, sijazificha. Lakini jiulize kwa nini karatasi ni chache huku. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu, Sessional Paper namba 10, na ndani yake ikaandikwa wazi kwamba pesa za maendeleo ziende mahali penye ardhi nzuri na mvua, ndipo zitazaa haraka. Sisi hatukuwa na mvua. Tulikuwa na gereza. Lokitaung hapo juu ndipo wakoloni walipomfungia Jomo Kenyatta na wenzake. Kwa hivyo kwanza unanyimwa shule kwa waraka, halafu unanyimwa kazi kwa sababu huna shule, na mwisho unaletewa semina ya kukufundisha kwamba tatizo liko ndani ya fikra za watu.

Watu wa Lokichar waliielewa hii mapema. Mafuta yalipatikana Ngamia-1 mwezi Machi 2012. Oktoba 2013 wenyeji wakavamia maeneo ya kazi wakidai ajira, na Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Mazungumzo yakaanza, mkataba ukaandikwa. Si semina iliyowaketisha watu mezani, ni geti lililofungwa. Lakini pia tusidanganyane: kazi nyingi zilizowafikia wenyeji zilikuwa za kulinda na za vibarua, za muda. Ukiwa na bendera mkononi unasimamisha lori, bado hujui lori limebeba nini wala linalipwa ngapi.

Sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inataka jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalum za kupata kazi. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ile ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Hii ndiyo ile wanasiasa wanaiita sura ya Kenya.

Na hapa ndipo mimi na marafiki zangu wa Lodwar tunagombana. Wao wanasema asilimia 30 kwa wageni ni dhambi wakati kijana wa Turkana hana kazi Nairobi. Mimi nasema hapana. Ukitaka Nairobi ikufungulie, na wewe fungua. Mwalimu Mluhya aliyenifundisha hesabu darasa la sita kwenye joto hili, maji yakiwa ya chumvi, alikuwa emoit. Aliondoka kwa sababu ya usalama, na hesabu ikaondoka naye.

Tena hilo la "wenyeji kwanza", mwenyeji ni nani? Nafasi ya mwenyeji ikitoka, anaipata mtoto wa mkubwa wa Lodwar aliyesomea Nairobi, ambaye Lowarengak ameiona kwenye ramani. Hesabu inatimia, picha inapigwa, ripoti inapendeza. Mama yangu, anayekausha samaki na kupigana na madalali wa malori kila wiki kwa hesabu za kichwani, hajawahi kuwa mwenyeji wa aina hiyo.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo limenifanya niandike.

Siku ya pili ya semina waliletwa watu kutoka Kakuma, na mkalimani wao. Kijana wa umri wangu, amekulia kambini. Lugha alizokuwa akizizungusha pale sikuzihesabu zote: Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu, lugha ya kwao, na Kiturkana alichojifunza kwa kucheza mpira na watoto wa mji. Kiturkana! Neno la upendeleo lililonikwamisha mimi siku ya kwanza, yeye alilizunguka vizuri. Alisema ni kama kumpima mbuzi kwa rangi yake kabla hujamshika. Yule mzee wa fimbo akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikaandika kwenye daftari.

Jioni tukapanga foleni kusaini. Mimi elfu mbili kwa siku. Yeye alisaini karatasi tofauti. Nikamuuliza ni ngapi, akanionyesha. Haikufika nusu. Nikauliza kwa nini, akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mimi ni insentivu."

Kwa wasiojua: Kakuma ina kambi tangu 1992, na ukijumlisha Kalobeyei kuna watu zaidi ya laki mbili. Walimu, wahudumu wa afya, wakalimani wengi huko ni wakimbizi wenyewe. Kwa miaka mingi, kwa kuwa vibali vya kazi vilikuwa havipatikani, mashirika hayakuwalipa mshahara. Yaliwalipa "insentivu", kitu cha kumtia mtu moyo, wakati Mkenya wa kazi hiyo hiyo analipwa mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imewapa haki ya kufanya kazi, lakini kiwango cha insentivu hakijaondoka. Hakuna anayeficha. Kimeandikwa kwenye bajeti, na bajeti imepigwa muhuri. Kichwa cha mhasibu hakina upendeleo wowote, anasoma jedwali tu.

Sote wawili tulikuwa tumetoka ukumbini ambamo tulifundishwa siku mbili jinsi ya kutambua ubaguzi. Ulikuwa mezani, na kalamu juu yake. Mwezeshaji alikuwa amesimama hapo hapo akisubiri gari. Mimi nilichukua elfu nne zangu nikazikunja. Sikusema kitu. Nilitaka kuitwa tena.

Mtu akiniambia sasa semina ilinibadilisha, nitamwambia ndiyo, lakini ni foleni iliyonibadilisha.

Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump alitia sahihi amri nyingi siku moja. Mojawapo ilifuta mipango ya kuajiri watu wa aina zote kwenye serikali ya Marekani, ile wanayoiita DEI. Nyingine ilisimamisha misaada ya nje. Kalamu moja, siku moja. Kuna vijana wa Nairobi walishangilia ya kwanza mtandaoni, ati sasa ni anayestahili tu. Ya pili ilitua Kakuma na Lodwar. Watu wakaambiwa wasije kazini. Katika familia yetu pia kuna aliyerudi na begi, na alikuwa anastahili, hakuwahi kuangusha gari laga hata moja. Ndiyo maana nikisikia neno "anayestahili" nauliza: kwa karatasi ya nani?

Ningekuwa na pesa za ule ukumbi, na za hoteli na nauli za ndege za Nairobi, ningefanya mambo ya kawaida sana. Ningelisoma tangazo redioni kwa Kiturkana wiki tatu kabla. Ningepokea maombi kwa karatasi kwa chifu. Kiturkana ningekipandisha mstari wa kwanza, shahada ningeishusha iwe ya ziada, na mahojiano yangekuwa ni kumtuma mtu kijijini siku moja nione anarudi na nini. Mkenya au mkimbizi, karatasi ya kusaini ingekuwa moja. Hayo hayahitaji mtu abadilishwe moyo. Yahitaji mtu abadilishe faili kwenye kompyuta, dakika ishirini.

Yule kijana wa Kakuma nina namba yake. Nilimtumia elfu moja na ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Pesa alizirudisha. Akaandika kwamba hazikuwa zangu za kulipa, na kwamba kama kweli nina wafuasi wengi hivyo, basi niandike.

Jana usiku tangazo jingine limeingia kwenye grupu. Wakusanyaji takwimu wawili, Turkana Kaskazini, kazi ya miezi mitatu. Diploma au shahada, baruapepe, Kiturkana ni faida ya ziada. Mwisho ni kesho saa kumi na moja jioni. Nimelirekodi kwa sauti, kwa Kiturkana na Kiswahili, liko kwenye status yangu. Kama uko karibu na Lowarengak na CV yako ni ya karatasi, niletee kabla ya saa nne asubuhi. Nitaipiga picha, niigeuze PDF, nipande nayo kilimani.